Msichana Haachi Shule kwa Siku Moja

Hotuba kwa wazazi, walimu, wazee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii jijini Nairobi. Tumeiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mwenyekiti, walimu wakuu, wazazi wenzangu, wazee wetu wa mtaa, wahudumu wa afya ya jamii, vijana wa boda mlioegesha pikipiki mkaingia kusikiliza, hamjambo? Na nyinyi mabinti mlioketi hapa mbele, hamjambo? Karibuni. Haya ni mambo yenu, kwa hivyo sitayasema kwa mafumbo.

Nianze na swali. Msichana huacha shule lini?

Mzazi atakwambia aliacha alipopata mimba. Jirani atasema aliacha pesa zilipomshinda baba yake. Mwalimu atatazama orodha aseme aliacha muhula wa pili. Wote wamesema kweli, na wote wamechelewa. Ifungue rejista ya darasa, rudi nyuma miezi sita, utamwona akianza kuondoka. Siku mbili mwezi wa pili. Siku tatu mwezi wa tatu. Wiki nzima baada ya likizo ya Aprili. Kisha mstari mtupu. Msichana haachi shule kwa siku moja, wazazi wenzangu. Huiacha kidogo kidogo, na kila siku aliyokosa imeandikwa kwenye rejista ambayo hakuna anayeisoma mpaka siku ya ukaguzi.

Tujifunze kuisoma. Ukikuta msichana wa Gredi ya 7 anakosa siku mbili tatu kila mwezi, na zinaangukia karibu wiki ile ile, shuku hedhi kwanza: huenda hana sodo. Anayekosa Jumatatu na Jumanne mwanzoni mwa muhula amerudishwa nyumbani kufuata pesa. Anayekosa siku ile ile kila wiki, tuseme Jumatano, yuko sokoni na mama, au ameachiwa mtoto mdogo siku mama alipopata kibarua. Anayefika kila siku lakini saa tatu, anateka maji kwanza. Na yule ambaye hakuwa akikosa, ghafla akakosa siku nne, akarudi amenyamaza, huyo usingoje akose tena. Kaa naye leo, mahali penye faragha, na awe mwalimu anayemwamini.

Hii haihitaji mtaalamu. Mwalimu wa darasa anahitaji dakika kumi kila Ijumaa na kalamu nyekundu. Siku mbili mfululizo, mzazi apigiwe simu. Siku tatu, mhudumu wa afya ya jamii apite nyumbani, kwa sababu yeye anazijua nyumba zake moja moja. Siku tano, habari zimfikie chifu na afisa wa watoto. Nasisitiza sababu kwa kuwa kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Aliyefukuzwa kwa ajili ya pesa, pakiti ya sodo haitamrudisha darasani.

Basi tuanze na pesa.

Tangu 2003 shule za msingi za umma hazitozi karo. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inasema elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa: shule ya umma ikiruhusiwa kutoza ada nyingine, mtoto hazuiwi kuhudhuria eti kwa sababu ada hiyo haijalipwa, na kila anayelipa hupewa risiti rasmi. Wangapi hapa mna risiti ya pesa za mlinzi? Ya pesa za mtihani? Ukiitishwa, uliza mambo mawili kwa heshima: ni nani ameidhinisha, na risiti iko wapi? Ukienda peke yako utaitwa msumbufu. Nendeni watano.

Hata pasipo karo, sare inabaki. Kuanzia 2003, karo ikiwa tayari imefutwa, watafiti walifuatilia shule za msingi 328 magharibi mwa Kenya. Katika baadhi yake, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure, na baadaye nyingine kwa walioendelea kuhudhuria. Mahali ambapo sare haikutolewa, baada ya miaka mitatu wasichana 19 kati ya 100 walikuwa wameacha shule. Ilipotolewa, 16. Na walioshika mimba walishuka kutoka 16 hadi 13 kati ya 100. Hayo yote ni kwa ajili ya gauni! Utauliza, gauni lazuiaje mimba? Msichana mwenye gauni lililochanika kwapani hainui mkono darasani. Akichekwa mara mbili, siku ya tatu anabaki nyumbani. Akizoea kubaki nyumbani, anatafutwa na mwenye nafasi ya kumnunulia jingine.

Kwa hivyo mzazi, ukienda kwa fundi, mwambie aache pindo la inchi tatu chini na nafasi ya inchi moja kwenye mishono ya pembeni. Gauni hilo litateremshwa na kupanuliwa kabla hujanunua jingine. Na shule ikusanye sare za wanaomaliza mwezi wa Novemba, zifuliwe, zishonwe vifungo, zigawiwe Januari kabla ya siku ya kufungua, tena kimya kimya ofisini. Msiite majina paredi.

Sasa sodo. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tunapojidanganya zaidi.

Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, mapema kuliko nchi nyingi duniani. Juni 2017 sheria ya elimu ikarekebishwa: serikali impe kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, na pawe na njia salama ya kuzitupa. Ni sheria nzuri, lakini ilipoandikwa shule za umma tu, iliwaacha nje watoto wengi wa hapa kwetu. Kibera, Mathare na Mukuru zimejaa shule ndogo za mtaa zilizoanzishwa na makanisa, vikundi na watu binafsi kwa sababu shule za umma ni chache na ziko mbali. Wanaosoma huko si matajiri. Ni watoto wa mafundi, wachuuzi na mama wa kufua. Kwa hivyo mfadhili akija na katoni zake, au mbunge akitaka kupigwa picha, mwelekezeni kwanza kwenye shule zile ambazo sheria haizifikii.

Halafu tufanye hesabu ya hicho cha kutosha. Hedhi ni siku tatu hadi saba. Sodo moja haifai kukaa zaidi ya saa nne hadi sita, kwa hivyo ni kama nne kwa siku. Kwa siku tano hizo ni 20. Pakiti ya kawaida ina 8. Ukimpa msichana pakiti moja kwa mwezi, itamwishia siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo anapoanza kukaa na moja kutwa nzima, au kukata tambara la godoro. Anahitaji pakiti mbili hadi tatu. Kwa nyumba yenye mama na mabinti wawili, hizo ni pakiti saba, nane kwa mwezi. Mama anayelipwa kwa siku atanunua sodo au unga? Mnajua jibu. Basi tusimlaumu. Tupange.

Kuna sodo za kitambaa, zinazofuliwa na kutumika tena, na ni msaada mkubwa zikitumika vizuri. Zinaharibikia wapi? Kwanza, wasichana wanapewa sodo bila chupi. Sodo hiyo itashikwa na nini? Kila mfuko uwe na chupi mbili au tatu za saizi yake. Pili, damu hutolewa kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni; ukianza na maji moto doa linashika. Tatu, na hili ndilo kubwa, lazima kitambaa kikauke kabisa, ikiwezekana juani. Nyumba ni chumba kimoja, baba na kaka wamo humo, kamba ya nguo iko kwenye ujia wa watu wote. Binti ataanika wapi? Anakificha chini ya godoro kikiwa na unyevu, anakivaa hivyo hivyo, anawashwa, ananuka, anaacha kukitumia. Mama, mpe ruhusa ya wazi: aanike juani, afunike kwa kanga nyepesi juu yake. Na wewe baba, ukiona kanga imening'inia, usiulize kuna nini chini. Pita.

Choo nacho kina yake. Kanuni za afya ya shule zinataka choo kimoja kwa kila wasichana 25. Zaidi ya idadi, angalia mambo manne: komeo linalofunga kwa ndani, maji karibu, ndoo yenye kifuniko ndani ya kila chumba, na mtu aliyepewa kazi ya kuitoa kila siku na kuchoma kilichomo. Ndoo ikikosekana sodo zinatupwa shimoni, choo kinaziba, kinafungwa, na waliobaki wanapigana foleni kwenye kimoja. Ofisini pawe na sanduku dogo: sodo, sketi mbili za akiba, sabuni. Asiandikishwe jina kulifikia.

Septemba 2019, katika eneo la Bonde la Ufa, msichana wa miaka 14 alijiua. Mama yake alieleza kwamba hedhi ilimkuta darasani, hakuwa na chochote, nguo ikachafuka, mwalimu akamwita mchafu na kumtoa nje. Sheria ya sodo za bure ilikuwa na miaka miwili. Walimu, nawaomba kwa moyo wote: neno lenu siku hiyo lina uzito kuliko katoni zozote. Na wavulana wafundishwe pamoja na wasichana, darasa moja, saa moja. Mvulana anayejua hedhi ni nini hana cha kucheka.

Sasa wanaume. Vijana wa boda, msitoke.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 15 wamewahi kushika mimba. Nyeri na Nyandarua ni 5. Pokot Magharibi ni 36. Samburu ni 50, nusu nzima. Wasichana ni wale wale, damu ni ile ile. Kinachotofautiana ni umbali wa shule, umri wa kuolewa na kile ambacho watu wazima wanakubali kukifumbia macho.

Mwaka 2004, kule kule magharibi, wasichana na wavulana wa darasa la nane katika shule kadhaa walipewa kipindi kimoja cha dakika 40. Walionyeshwa filamu fupi kuhusu wasichana na wanaume wakubwa, kisha wakaandikiwa ubaoni viwango vya virusi vya ukimwi kwa kila umri. Waliona kwa macho yao kwamba mwanaume mtu mzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Hawakuhubiriwa. Mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa asilimia 28. Kipindi kimoja! Mabinti, mmesikia? Huyo sponsa anayekununulia chipsi na bando ndiye hatari zaidi, hata akiwa mpole, hata akiwa anasali mbele kanisani.

Mabinti wakiwa nyumbani muda mrefu, hatari inaongezeka. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na nyingi hazikuwarudisha wote mpaka Januari 2021. Watafiti walilinganisha wasichana wa sekondari kule Siaya: waliopitia kufungwa huko walikuwa na hatari mara mbili ya kushika mimba kabla ya kumaliza, na mara tatu ya kuacha shule. Kumbukeni hayo kila Novemba mnapopanga likizo. Nani atakuwa na binti yako mchana?

Na ikiwa ameshadhulumiwa? Hospitali kwanza, polisi baadaye. Ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na mapema ni bora kuliko baadaye. Ndani ya siku tano, dawa ya kuzuia mimba. Asioge. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki inaleta unyevu na ushahidi unaoza. Kisha kituo cha polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ambayo daktari hujaza kuwa ushahidi. Anayetaka ushauri usiku apige 116, simu ya watoto, haina malipo. Au 1195 kwa dhuluma za kijinsia.

Kinachoharibu kesi hizi mnakijua. Ni kikao cha wazee chini ya mti, mbuzi wawili na bahasha, "tuyamalize kinyumbani". Wazee wetu, kwa heshima zote, hamna mamlaka hayo. Kesi ya mtoto kunajisiwa ni ya Jamhuri, si ya baba yake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataka kifungo kisichopungua miaka 20 mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 akiwa na 16 au 17. Mwalimu anayetumia cheo chake, miaka isiyopungua 10. Aliyepokea mbuzi amemuuza mtoto.

Sasa, binti ameshazaa. Je, imekwisha?

Kijijini Ndalat, Nandi, kulikuwa na bibi aliyeitwa Priscilla Sitienei, wote wakimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Alikuwa mkunga. Akiwa amepita miaka 80 alivaa sare akaingia darasani, akaketi na watoto ambao baadhi yao aliwapokea mwenyewe walipozaliwa. Aliendelea mpaka alipofariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99. Wasichana waliozaa walimwambia wamekuwa wakubwa mno kurudi. Akawajibu kwamba yeye yumo darasani, basi na wao warudi.

Kenya imeruhusu mama wachanga kurudi shuleni tangu 1994, na miongozo mipya ikatolewa 2020. Tanzania iliwafungulia mlango 2021. Mjamzito ana ruhusa ya kuendelea na masomo kadiri afya yake inavyomruhusu, na baada ya kujifungua anarudi shule yake au nyingine. Ruhusa ipo. Kinachokwama ni saa mbili asubuhi: nani anabaki na mtoto? Bibi yuko kibaruani. Kituo cha kulelea watoto mtaani kinataka pesa kila siku. Mtoto anataka kunyonya saa nne. Basi familia ikae kabla binti hajajifungua, iandike nani atamshika mtoto siku gani, nani atalipa siku ambazo hakuna mtu, na ichague shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani ili aweze kukimbia kunyonyesha saa saba. Tena baba wa mtoto na familia yake wachangie. Mwalimu mkuu akisema "mtafutie shule nyingine, hapa ataharibu wenzake", mwombe aandike hivyo na kutia sahihi. Mara nyingi hataandika.

Kuhusu ukeketaji nitapita haraka, kwa sababu hakuna wa kuutetea hapa leo. Mwaka 1998 wanawake 38 kati ya 100 nchini walikuwa wamekeketwa. 2022 ni 15. Inawezekana, basi. Lakini Nairobi tuna ujanja wetu: Desemba binti anapelekwa ushago "kumsalimia nyanya", au anapelekwa kliniki ya uchochoroni eti daktari hufanya kwa usafi. Sheria ya 2011 haitofautishi wembe na sindano ya ganzi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Na baada ya kisu, mara nyingi huja posa. Ndoa chini ya miaka 18 ni kosa kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, hata kama ng'ombe wameshafika bomani.

Kaka za mabinti, nyinyi pia mna sehemu. Ihithe, Nyeri, miaka ya arobaini, mvulana mmoja alimwuliza mama yake: mbona dada yetu haendi shule kama sisi? Mama akaona hakuna sababu ya maana, akampeleka. Dada huyo ni Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Tuzo ya Amani ya Nobel 2004. Ukirudi leo jioni ukakuta dada yako anaosha vyombo na wewe umeshika kitabu, chukua sufuria moja.

La mwisho ni gumu, na linatuhusu sisi wa mjini zaidi ya mtu yeyote.

Nani alikuandalia chai ya asubuhi leo? Ana miaka mingapi? Katika nyumba zetu, za ghorofa na za mabati, kuna wasichana waliotolewa Bungoma, Kitui na Busia kwa ahadi ya "atasoma akifika Nairobi". Wanaamka saa kumi na moja kuwatayarishia watoto wetu wa kike kwenda shule. Tunawalipia mabinti zetu basi la shule, na anayewafunga viatu ana umri wao. Sheria ya elimu inakataza kumwajiri mtoto wa umri wa shule katika kazi inayomzuia kusoma. Inakataza kwa tajiri na kwa jirani yangu wa chumba kimoja.

Usimfukuze leo usiku. Ataishia pabaya zaidi. Fanya hivi. Mwulize jina lake kamili, umri, na darasa alilofikia. Piga simu kwa wazazi wake wakusikie. Nenda naye kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, muandike pamoja kama atarudi nyumbani au atasomea hapa. Akisomea hapa, shule ya umma iliyo karibu imwandikishe. Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa, maana bila namba yake hawezi kuingizwa kwenye mfumo wa serikali wa kuwasajili wanafunzi wala kusajiliwa mtihani. Aingie darasani kwanza, na cheti kifuatwe huku anasoma: kadi ya kliniki kama ipo, kitambulisho cha mzazi, barua ya chifu wa alikozaliwa. Ukitaka msaidizi wa nyumbani, ajiri mtu mzima na umlipe mshahara wa mtu mzima.

Afisa wa watoto ameketi pale kwenye meza ya nyuma karibu na mlango, na atakuwepo mpaka saa kumi na moja. Walimu wa darasa nao wamebeba rejista zao. Asanteni sana.